Barua kwa Mwanangu: Jina Nililoliandika

Kayenze

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Mdogo wako alitaka kunisomea, nikamnyang'anya. Macho bado yapo. Unauliza kama babu yako angekuwa hai angekubali uache wodi yako ya hapa Mwanza, uende kuhudumu miaka miwili katika zahanati ya misheni kule Bonde la Yaeda, chini ya milima ya Mbulu, kwa Wahadzabe, wale wawindaji wa porini.

Angekubali. Angekuwa ameshakufungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko kabla hujamaliza kusema. Babu yako alikubali kila kilichokuja na msalaba, kwa hiyo jibu lake halikusaidii chochote. Afadhali ungeuliza alijifunza nini, na alichelewa kiasi gani. Hilo naweza kukujibu, maana nilikuwepo, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Mnajua alikuwa katekista. Mnajua pia kwamba kaka yake, baba mkubwa wangu, alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, wa Wagika, kundi linaloshindana kwa ngoma na Wagalu huku Usukumani. Mkikutana kwenye misiba mnacheka habari za ngoma zake, jinsi alivyowavuta watu wote wakawaacha Wagalu wanacheza peke yao na vumbi. Ni kweli, alikuwa hodari. Ila ngoma zile zilikuwa na dawa, na dawa ndiyo iliyowakera wakubwa wa Kanisa. Padre wetu wa wakati huo (jina lake namwachia Mungu) aliagiza kila Mkristo atakayeonekana kwenye mashindano aandikwe, asipewe Komunyo. Wa kuandika ni katekista. Na babu yako mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita kwenye unga, basi akawa ananitamkia mimi niandike.

Ilikuwa mwaka 1963, nina miaka kumi na mmoja. Nilikuwa najivunia herufi zangu. Akataja fulani, nikaandika. Akataja mwingine, nikaandika. Kisha akanyamaza kidogo, akataja mama mkubwa, mke wa kaka yake. Alikuwa amebatizwa, na kosa lake ni kwamba alikwenda kumtazama mumewe akicheza. Nikaliandika jina lake la ubatizo, lote, kwa herufi nzuri kabisa. Nakumbuka niliivuta ile herufi ya kwanza ikawa na mkia.

Jumapili iliyofuata majina yakasomwa. Mama mkubwa alikuwa amekaa mbele, upande wa wanawake. Akasimama, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Nyumbani kwake ndiko nilikokuwa nakula matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, kila nikitoka shule. Siku ya pili nilipopita akaniitikia salamu vizuri tu, ila sahani haikutoka. Haikutoka tena mpaka nimekuwa msichana mkubwa.

Na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba miaka hiyohiyo, pale Bujora karibu na Kisesa, si mbali na kwetu, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alikuwa anakusanya ngoma za Wasukuma na viti vya watemi, na kanisa alilijenga kwa umbo la nyumba ya mtemi. Kanisa ni lile lile moja, Papa ni yule yule. Huku jina la mtu linaandikwa kwa sababu ya ngoma, kule ngoma inaingia mpaka altareni!

Babu yako alisikia akakataa kuamini. Mwaka mmoja tukaondoka alfajiri kwa miguu kwenda Bujora kwenye Bulabo, sikukuu ya Ekaristi. Tulipokaribia tukasikia mlio. Akasimama njiani. Akasema, "Hiyo ngoma ya nani?" Hakuna aliyemjibu, maana kila mtu aliijua. Watu walicheza mbele ya Ekaristi, wakamwaga maua, na babu yako, katekista mzima, akabaki nje chini ya mti mpaka misa ikaisha. Hakuniambia analia. Alisema vumbi.

Aliporudi alichana ule ukurasa. Halafu akachukua jogoo akaenda kwa mama mkubwa. Baba mkubwa alikuwa ameshafariki, ndugu hawa wawili hawajapatana. Nilimfuata kwa nyuma, maana na mimi nilikuwa na deni. Mama mkubwa akapokea jogoo, akatuletea matobolwa, babu yako akala mpaka sahani ikabaki nyeupe. Hakuna aliyesema neno juu ya kanisa. Na mama mkubwa hakurudi kanisani mpaka tunamzika. Alitulisha, basi.

Ndipo nilipopata neno langu ambalo nyie watoto mmelichoka: kula kwanza, hubiri baadaye. Babu yako alihubiri miaka ishirini kabla ya kula kwa kaka yake.

Sasa usinielewe vibaya. Herufi zenyewe nilifundishwa na nani kama si misheni? Hawa Mapadre Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, walizika wenzao pale, hawakukimbia. Hospitali ya Bugando ulikozaliwa ni maaskofu walioijenga, ikafunguliwa mwaka 1971, na bila Bugando mimi nawe tusingekuwa tunaandikiana. Kwa hiyo nikisema misheni ilituumiza, nasema kwa mdomo ambao misheni iliulisha. Nalijua hilo. Kuna siku naona baba alikosea, siku nyingine naona asingekuwa mkali hakuna mtoto wa kijiji kile ambaye angekaa darasani.

Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mwaka 1965 Wahadzabe walihamishwa wakapelekwa Yaeda Chini, wakajengewa nyumba, wakaugua, wengine wakafa, wengi wakarudi zao porini. Sidhani waliowajengea walikuwa watu wabaya. Nadhani hawakulala kwanza kwenye vile vibanda vya nyasi. Nawe unakwenda na sindano na dawa za kweli, si daftari. Lakini zahanati nayo ina daftari, mwanangu. Nani amekuja kliniki, nani hakuja, nani kakataa. Utaandika majina.

Unataka niseme nenda au usiende. Nikisema usiende nitakuwa namkana baba yangu. Nikisema nenda, na huko watu wakakuona kama mama mkubwa alivyoniona mimi siku ile, nitakuwa nimekutuma kwa mkono wangu mara ya pili. Kwa hiyo sisemi. Ulimi unaniwasha lakini sisemi.

Michembe nimeshaianika, mifuko miwili. Mdogo wako anasema Wahadzabe wanakula nyama ya nyani. Kama ni kweli na wakikukaribisha, hapo neno langu la kula kwanza limenitega mwenyewe. Usiniandikie ulifanya nini. Au niandikie, ila usimwonyeshe shangazi yako.

Lile daftari la babu lipo kabatini, limekosa ukurasa mmoja. Ukija Jumapili utaliona.

Mama yako