Kwa mlioingia stoo ya kemikali mwezi huu

Wiki hii nimemkuta kijana amemimina thina ya rangi kwenye chupa ya maji ya kunywa, kaiweka kando ya chapati zake. Namuuliza, ananijibu, "Mzee, mimi najua ni ipi." Sawa, wewe unajua. Na mwenzako wa zamu ya usiku mwenye kiu? Basi nimeona niwaandikie, maana kufoka nimefoka mpaka sauti imekauka.

1. Msisaini daftari la mafunzo kabla ya kufundishwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri hapa Uganda akupe maelezo, maelekezo na mafunzo ya kazi yako. Lakini hapa kwenye viwanda vya Namanve tunajuana: mgeni anafika asubuhi, anapewa gambuti, anasaini, na chai haijapoa yuko juu ya lori la Mombasa anashusha mapipa. Huko Marekani mgeni anaruhusiwa kugusa mizigo hatari kabla ya kumaliza mafunzo, ila awe chini ya macho ya aliyefundishwa, na zisipite siku 90. Tena mafunzo yao yana mafungu: kuna ya jumla kwa kila mtu, na kuna ya kazi yako wewe mwenyewe unayoifanya kwa mikono yako. Hilo fungu la pili mimi nililidharau, na aliyelipa si mimi.

Wakati huo mwalimu wa wageni nilikuwa mimi. Somo langu lilikuwa moja tu, la moto, na nilikuwa nalipenda kweli. Moshi ukitanda, inama, ziba pua, tambaa hadi mlangoni, hewa nzuri iko chini. Nilikuwa nashuka sakafuni na suruali yangu nionyeshe. Wa magodoro na wa klorini wote niliwapa somo hilohilo, kwa Kiingereza, wote wakatikisa vichwa, wote wakasaini. Mmoja wao alikuwa kijana wa upande wa Arua, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, Kiingereza cha kubahatisha.

Siku moja uma wa foklifti ukatoboa pipa la klorini ya unga. Kijana wa watu akashika ufagio, akaukusanya unga, akautia kwenye beseni lililokuwa pembeni. Beseni lile nililiweka mimi, kukinga asidi ya haidrokloriki iliyokuwa ikivuja kwenye jerikani. Sikuliwekea alama yoyote. Unga ulipogusa asidi ikaanza kutoka gesi ya klorini, rangi yake manjano ya kuelekea kijani, haipandi juu kama moshi, inatambaa sakafuni. Na yeye akafanya nilichomfundisha. Akainama.

Klorini ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili na nusu. Alikuwa anatambaa ndani yake, kwa adabu, mkono puani vilevile nilivyoonyesha, na mlango uko mbali. Aliyemwokoa ni dereva wa foklifti, mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye somo langu hata mara moja. Alimkamata kola, akamnyanyua, wakakimbia nje kuelekea upepo unakotoka. Usiku huo kijana alilazwa hospitalini, kwa sababu gesi hiyo inaweza kukuacha unajiona mzima, halafu saa kadhaa baadaye mapafu yakajaa maji. Nilipokwenda kumwona, akaniomba radhi kwa kuchafua stoo. Yeye, aniombe radhi mimi! Kwenye daftari, mbele ya jina lake, palikuwa na sahihi mbili, yake na yangu.

Alipona, akahamia kazi nyingine, na sikumlaumu. Tangu hapo simsainii mtu mpaka anieleze yeye, kwa lugha anayogombania nayo bei sokoni, atakimbilia wapi na kwa nini. Kilugbara, Luganda, Kiswahili, hiari yake. Nisipoelewa nitatafuta mkalimani.

2. Asidi humiminwa kwenye maji, polepole. Maji hayamiminwi kwenye asidi.

3. Kemikali ikikuingia jichoni, maji yanayotiririka, dakika 15 kwa uchache, jicho wazi, hata ukipiga mayowe. Soda kali (kostiki) usiichekee kwa kuwa haina jina la asidi. Huzidi kupenya ndani ya jicho.

4. Someni namba ya bango la hatari kwenye lori kabla ya kufungua turubai: 1203 petroli, 1202 dizeli, 1789 asidi yetu ileile, 1748 klorini ya unga mkavu. Madereva wa mpakani Malaba mtasema mnazijua. Na tanboi wako je? Juni 2013 pale Namungoona, Kampala, lori la petroli lilipata ajali, watu wakaja kukinga mafuta, wengi wao wa bodaboda, moto ukawakuta palepale, makumi wakafa. Tanboi afundishwe kwamba gari likilala, mafuta si kazi yake tena. Kazi yake ni kufukuza watu, pamoja na shemeji yake mwenye jerikani.

5. Mafunzo hurudiwa. Wenzenu wa mizigo ya ndege Entebbe hurudia ya bidhaa hatari kila miezi 24, nyinyi mnaninunia nikitaja mara ya pili.

6. Jumatatu tunajaribu barakoa za gesi. Ile ya vumbi haizuii gesi, na kila kichujio kina gesi zake, kwa hiyo msiazimane kama kofia. Wenye ndevu, nyoeni Jumapili: barakoa haishiki uso wenye ndevu, hewa mbaya inapita pembeni. Kuna mmoja aliniambia ndevu zake mke hakubali ziguswe. Nikamheshimu shemeji, nikampangia bwana kuhesabu paleti getini, juani. Wembe nitaleta mimi mwenyewe.