Rivian R1S: tairi za barabara mbovu na hali ya Conserve

Kwa swali la kwa nini R1S yako (gari la umeme la Rivian) inakwenda umbali mfupi kwa chaji tangu ufunge rimu za inchi 20: lawama kubwa ni ya tairi, si betri. Tairi za kashata kubwa zina mpira mzito na laini unaojikunja kila zinapozunguka, na hapo umeme unageuka joto. Tegemea kupoteza asilimia 10 hadi 15 ya umbali ukilinganisha na zile za barabarani za inchi 21. Kama njia zako nyingi ni lami, rudi kwenye inchi 21, hakuna mpangilio wa kompyuta utakaokurudishia umbali wote huo.

Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea: psi 48. Joto likishuka nyuzi 5 au 6 unapoteza karibu psi 1, kwa hiyo msimu wa baridi pima tena.

Hali ya Conserve, yaani ya kuendesha kwa kubana chaji, inasaidia kweli. Inazima mota za nyuma na kushusha gari, upepo unapita kwa urahisi. Ila magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta peke yake, na tairi zake zinalika haraka. Zibadilishane na za nyuma kila kilomita 8,000 hivi, na pima kina cha kashata ukingo wa ndani pia, maana huko ndiko watu hawaangalii. Kwenye utelezi tumia All-Purpose, hali ya kawaida ya kuendesha.

Ukikimbiza kilomita 130 kwa saa barabara kuu, punguza hadi 105 kwanza. Kwenye mwendo kasi ndipo chaji nyingi inapotelea.