Wivu, gere na husuda si kitu kimoja

Pole dada. Umeuliza kama umekuwa hasidi kwa sababu moyo ulikuchoma rafiki yako alipopata kazi mliyoiomba wote wawili. Mimi naona hapana.

Neno wivu tunalibebesha mengi mno. Mtu akiogopa kunyang'anywa mpenzi tunasema ana wivu, na hapo anahofia kupoteza alicho nacho. Wewe umetamani usichokuwa nacho; watu wa pwani huita kuona gere. Husuda ni jambo jingine kabisa: hasidi hata asipopata yeye, anachotaka ni wewe ukose. Ndiyo maana kwenye kanga wakaandika "Hasidi hana sababu".

Jiulize kwa ukweli: ukisikia kesho amefukuzwa, utafurahi? Umetuambia ulimsaidia kutafuta chumba karibu na ofisi huku koo limekukaba. Hasidi hafanyi hivyo.

Nadhani chini ya hiyo gere kuna huzuni ya kukataliwa, ambayo hujapata nafasi ya kuililia. Anza na hiyo. Mimi nilipokosa chuo niliwanunia wenzangu miezi miwili, kumbe nilikuwa nalia ndani kwa ndani.