Siku moja ya kuangalia ndege kutoka Lubumbashi: nenda Kapolowe, Kundelungu iache

Kaka, umesema unakuja Lubumbashi kikazi mwezi wa kwanza, una siku moja huru, na unauliza kama inatosha kwenda Kundelungu kuona ndege wa mbuga wazi na wa bonde la mto. Haitoshi. Kundelungu ni hifadhi nzuri, ipo tangu 1970, na maporomoko yake ya Lofoi yanashuka zaidi ya mita 300, lakini wakati wa mvua njia ya kufika huko itakula mwanga wako wote. Watu wanaokwenda huko wanalala. Mwenye siku moja mimi namtuma Kapolowe, kwenye ziwa Tshangalele, bonde la Lufira.

Ondoka mjini saa kumi alfajiri. Barabara ni ile ya kwenda Likasi, mji ulio kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, na Kapolowe unaikuta kabla ya kufika Likasi. Ni lami, ila jua likishatoka inajaa makamyo ya madini na baiskeli zilizopakia makala, yaani mkaa. Kama huna gari, panda basi la Likasi, shuka njia panda, kamata manseba, yaani dereva wa pikipiki ya abiria. Mkubaliane bei ya kwenda na kurudi kabla hujakaa juu ya kiti, na umwambie wazi kwamba mtasimama simama. Manseba wetu hawapendi kusimama.

Sasa, watu wengi wakifika huko wanakimbilia maji. Usifanye hivyo. Saa za kwanza za asubuhi zipe madembo, yale mabonde ya majani yanayokatiza pori la miombo. Mvua ikinyesha udongo wake unajaa maji, miti haiwezi kuota, kwa hiyo unapata uwazi mrefu katikati ya pori. Tafuta kichuguu kikubwa pembeni ya dembo. Vichuguu vya huku vinaweza kufika mita 8, vina miti yake juu, na ukipanda kimoja unaliona dembo lote bila kukanyaga tope. Mwezi wa kwanza ndege waitwao fumbwe, madume yao, wamevaa mikia yao mirefu na wanaruka chini chini juu ya majani kuwavutia majike. Juu yao angalia wala-nyuki wekundu, wenye utosi wa buluu. Wao huzaa kwenye kingo za mito ya kusini, Zambezi na Luangwa, halafu wakimaliza hutawanyika kufuata wadudu wa masika. Mbayuwayu wa Ulaya nao wako huku wakati huo. Korongo wenye taji ukiwapata ni bahati yako, siwaahidi mtu. Wale wakubwa zaidi wenye nyama inayoning'inia kidevuni, hao kweli ni wa nyanda za juu za Kundelungu na Upemba, na kwa ajili yao utarudi siku nyingine ukiwa na hema.

Saa nne hivi teremka ziwani. Ziwa hili si la asili: ni maji ya Lufira yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha, lililojengwa kwa ajili ya umeme wa migodi na kuanza kazi 1930. Mto uliziba, maji yakatandaa juu ya tambarare, ndiyo sababu ziwa ni pana lakini kina chake kidogo, limejaa matete na vichaka vilivyosimama majini. Kwa ndege hiyo ni nyumba kamili. Utaona furukombe, mnandi, yangeyange, mdiria wa madoadoa akining'inia hewani kabla ya kupiga mbizi, na yule mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi.

Lakini ndege wa kumfuata hapa ni mmoja: kwera wa Lufira, ndege mdogo anayefuma kiota chake. Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alimkusanya ziwani hapa 1960, akakaa kwenye makumbusho mpaka 1982 ndipo wataalamu wakamtangaza kuwa spishi yake peke yake, wakampa jina la Ruwet. Baada ya hapo kimya kirefu, hadi 2009 ilipoandikwa kwamba ameonekana tena, yupo na anazaa. Hajulikani kuishi nje ya bonde hili. Wewe uliyezoea kutafuta ndege wa ajabu kwenye hifadhi zenye geti na tiketi, fikiria: huyu anajenga kwenye kichaka kilicho karibu na mitumbwi ya wavuvi, na watoto wa pale wanampita kila siku. Dume lina uso mweusi, kichwa na kifua rangi ya kutu, tumbo la njano. Majike usihangaike nayo, yanafanana na ya kwera wengine. Tafuta viota vinavyoning'inia juu ya maji, kisha ngoja dume lije. Masika ndiyo wakati wake wa kujenga, kwa hiyo mwezi wako umekaa vizuri.

Mtumbwi unapata kwa wavuvi. Kwanza pita kwa mkubwa wa kijiji, msalimie, mwonyeshe darubini, mwache aangalie ndani yake. Huku mgeni mwenye vyombo vya kuangalia mbali anadhaniwa anatafuta madini, na hilo lina historia yake. Upande wa bwawa na mitambo ya umeme usielekeze darubini wala kamera kabisa, hata kama furukombe amekaa juu ya ukuta.

Mchana kula bukari (ugali wetu) na samaki kwa mama wa sokoni, ila nitakuambia ukweli: mto Panda unaleta humu maji yanayotoka kwenye viwanda vya Likasi, na metali zimepimwa ziwani na kwenye samaki. Mlo mmoja hautakudhuru. Ninaowahurumia ni wanaokula kila siku. Bonde la Lufira ni hifadhi ya bayongahewa ya UNESCO tangu 1982, na liko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu za dunia, tangu 2017. Uchafu wa Panda haujasoma hizo karatasi.

Saa tisa geuza. Mvua za mwezi wa kwanza hupenda kushuka alasiri, na usiku makamyo yaliyoharibika yanaachwa barabarani bila taa. Ukimpiga picha dume la kwera, iweke hapa kwenye uzi, pamoja na aina ya kichaka na idadi ya viota ulivyohesabu. Kumbukumbu za ndege huyu ni chache.