Je, duka langu litamnyima mama pesa za wazee?

SWALI: Mama ana miaka 82, tuko Arua. Jirani anasema kwa kuwa mimi nina duka, mama hawezi kupata pesa za wazee. Ni kweli? Na matibabu je?

JIBU: Jirani amekosea. Ruzuku ya SAGE, yaani hizo pesa za wazee za serikali ya Uganda, haipimi kipato cha mzee wala cha mtoto wake. Inaangalia umri, na miaka 82 inatosha. Ni shilingi 25,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingi hulipwa kwa mkupuo wa miezi kadhaa.

Kinachowaangusha wengi ni kitambulisho cha taifa. Kitoe sasa hivi usome tarehe ya kuzaliwa. Wakati wa kuandikisha, umri wa wazee wengi ulikisiwa tu, na bibi wa 82 akajikuta ana 74 kwenye kadi. Kompyuta haioni mvi! Ikiwa ndivyo, anzeni NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kusahihisha, mkiwa na karatasi yoyote ya zamani, kama kadi ya ubatizo. Kisha nendeni kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa kata. Kama mama hawezi kutembea, aombe kuandikisha mtu wa kumpokelea.

Matibabu ni jambo jingine. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, kwa hiyo hapaulizwi kipato. Ila dawa zikiisha mtaambiwa mkanunue nje, na hapo ndipo hizo 25,000 huishia.