Friza Haifufui Samaki

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Buhongwa. Ijumaa jioni nilinunua sangara wa kilo sita pale Mwaloni Kirumba, nikamwingiza kwenye friza mzimamzima maana nilikuwa nimechoka. Saa mbili usiku umeme ukakatika, ukarudi Jumapili saa nne asubuhi. Friza ilikuwa nusu tu, tena humo humo nauza aiskrimu za ubuyu, kwa hiyo watoto wa mtaa hawakuacha kufungua. Nilimkuta sangara amelainika, lakini vipande vya sato vya chini bado vina barafu. Baba watoto anasema vyote virudi vigande. Jirani anasema nitupe vyote. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua imenifikia huyo sangara ameshaliwa au ameshatupwa, lakini umeme utakatika tena, kwa hiyo acha nijibu.

Kila mmoja kapata nusu. Sato mwenye barafu ndani anaweza kurudi akagande, ingawa akitoka mara ya pili nyama yake itakuwa imelegea. Mimi ningemkaanga siku ile ile. Sangara ni wa kutupa. Najua bei yake, najua inauma.

Tuhesabu. Friza iliyojaa, mfuniko usipoguswa, huhifadhi baridi yake kama saa 48. Ikiwa nusu, kama saa 24. Wewe ulikaa saa 38, na ubuyu ukiuzwa. Tena sangara wako hata hakuwa ameganda! Samaki wa kilo sita akiingia mzima, baridi huanzia kwenye ngozi na kwenda polepole. Umeme ulipokatika saa mbili, moyoni alikuwa bado mbichi kabisa.

Usiniambie hakuwa na harufu. Vijidudu vinavyoumiza tumbo si lazima vinuke. Baridi ya friza haiviui, huvilaza tu. Samaki akipata joto navyo vinaamka. Kumchemsha sana nako hakutoshi, kwa sababu baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Nilifanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha minofu hapa Mwanza, nikisimama kwenye maji ya barafu na mabuti hadi magotini. Msimamizi wetu alikuwa na neno moja: friza haifufui samaki. Aliyeingia amechoka atatoka amechoka. Kwa hiyo kazi inaanzia mwaloni. Nenda mapema na ndoo yako yenye barafu, chagua jicho angavu na mashavu mekundu, na usimwache samaki kwenye bodaboda huku wewe ukizunguka kutafuta nyanya.

Nyumbani mpare, mtoe matumbo na mashavu kabla ya chochote. Mwaka mmoja niliwagandisha sato wa Krismasi na matumbo yao. Nyongo ikapasuka humo ndani, mchuzi ukawa mchungu mpaka mama mkwe akaomba chai ya rangi. Hajawahi kunisema, lakini kila Desemba ananiuliza, "Samaki umewatengeneza mwenyewe?"

Sangara mkate vipande vya unene wa vidole viwili, mkaushe maji, umfunge mlo kwa mlo. Vipande vyembamba huganda haraka, na hiyo ndiyo siri: kikiganda polepole, barafu hukua mabonge ndani ya nyama na kuichanachana, ndiyo maana siku ya kupika unaona maji yanamwagika na nyama imebaki sponji. Usiijaze friza vitu vibichi kwa mkupuo pia. Ya lita 200 ipe kilo saba hadi tisa kwa siku, basi.

Tumia mifuko mizito ya kuhifadhia chakula. (Wenye rambo za kabla ya Juni 2019 mlizozificha uvunguni, mimi sijawaona.) Zamisha mfuko kwenye beseni la maji, mdomo ukiwa juu, maji yatasukuma hewa yote itoke, kisha funga. Hewa ikibaki, nyama hukauka na kuota mabaka meupe. Andika tarehe. Sangara ana mafuta, na mafuta huchacha hata yakiwa yameganda, kwa hiyo mmalize ndani ya miezi miwili au mitatu. Sato hufika hata sita, mradi friza ishike nyuzi 18 chini ya sifuri.

Na weka hiki kitu leo: gandisha kikombe cha maji, juu ya barafu weka sarafu ya shilingi 200. Ukirudi kutoka safari ya Ukerewe ukaikuta sarafu imezama, ujue umeme ulikatika muda mrefu bila wewe kuwepo, hata kama kila kitu kimeganda tena. Aiskrimu hamishia kwenye boksi la barafu umeme ukikatika. Watoto wafungue hilo.

SWALI: Naishi geto Nyegezi na wenzangu wawili. Asubuhi tunatoa nyama ya friza, tunaiacha kwenye beseni hadi tutoke chuo jioni. Kuna shida?

JIBU: Ipo. Nje inalainika kufikia saa nne, ndani bado jiwe, na kwa joto la Mwanza nyama isizidi muda wa saa mbili nje ya baridi. Ihamishieni sehemu ya chini ya friji usiku, juu ya sahani yenye kingo ili damu isidondokee mchicha. Mkisahau, na najua mtasahau, izamisheni ikiwa kwenye mfuko uliofungwa vizuri, maji ya baridi, mbadilishe kila nusu saa, kisha ipikwe hapo hapo.

SWALI: Maharage yaliyopikwa yanagandishwa?

JIBU: Yanagandishwa vizuri sana. Yapoe kwanza, na kopo lisijae hadi ukingoni. Mchuzi ukiganda hutanuka na kufumua mfuniko.