Zabibu nyekundu ya Dodoma: maswali yenu

Makutupora ni zabibu au jina la kampuni?
Ni zabibu, nyekundu iliyokolea hadi inakaribia weusi, jina ni la Makutupora pale kaskazini mwa mji wa Dodoma kwenye kituo cha utafiti wa zabibu. Mashambani utaikuta pamoja na Syrah na Chenin Blanc, ila hizo asili yake Ufaransa. Makutupora ndo yenye jina la kwetu na inauma sana kuona wabongo wengi hawaijui.

Eti wanavuna mara mbili kwa mwaka?
Kweli kabisa. Ulaya baridi ikiingia mzabibu unapumzika miezi kadhaa, Dodoma hakuna baridi ya hivyo kwahiyo anayepanga msimu ni mkulima na mkasi wake, akishapogoa, yaani kukata matawi, macho ya mzabibu yanachipua, yanatoa maua, na baada ya miezi minne mitano hivi anavuna, halafu anapogoa tena. Mimi naipenda zaidi zabibu ya kiangazi, ile ya mwezi wa nane na wa tisa, maana mvua ikikuta vichala vinaiva punje zinajaa maji, utamu unapungua na magonjwa ya ukungu yanashambulia. Ila kiangazi bila umwagiliaji hupati kitu.

Mbona waini nyingi za Dodoma ni tamu kama juisi?
Hapo usiilaumu zabibu. Hamira inakula sukari na kuigeuza kilevi, ikiachwa imalize kazi unapata drai, yaani waini isiyo tamu, ile tamu ni mtengenezaji kaamua ibaki na sukari au kaiongezea. Soma lebo, chukua drai, hapo ndo utaisikia zabibu yenyewe na ule ukakasi wake kwenye ulimi unaotoka kwenye maganda.

Mchuzi wa zabibu ndo nini?
Ni waini ghafi inayouzwa kwa jumla kwa viwanda, vyenyewe ndo vinamalizia na kujaza kwenye chupa. Kwa mkulima ni mkombozi, zabibu ikishakatwa haisubiri, mnunuzi asipotokea siku chache tu imeharibika, lakini akiwa na pa kukamulia mchuzi unakaa kwenye tanki na yeye anapata muda wa kutafuta bei. Ndo maana kila nikisikia habari za matanki na mashine za kukamulia vijijini nafurahi mno.

Waini ya Makutupora inywewe ya baridi?
Kidogo. Kwa joto la Dar weka friji nusu saa, kisha mbuzi choma pembeni.